Nilivyomtafsiri Mama kwa Dresa

Nilipopata kazi kwenye karakana ya matrekta Nachingwea, wakati wa ule mradi wa Waingereza wa kulima karanga, nilipewa chumba kwenye kota. Mwaka uliofuata nikamchukua mama kutoka Narung'ombe. Alikuwa mjane, aliyezaa mara saba, na mishipa ya miguu yake ilikuwa imetuna na kujipinda chini ya ngozi. Mimi niliamini ni jembe na safari za kisimani zilizomharibu, basi nikamkataza kutembea. Maji nikachota mwenyewe alfajiri, unga nikanunua uliosagwa, na yeye nikamnunulia kiti.

Jioni nilichezea timu ya karakana. Nilimbebea mama kile kiti hadi kando ya uwanja, akakaa ananitazama nikikimbia. Watu walinisifu kwa kumtunza mzazi, nami sifa nilizipenda. Mara mbili aliomba aende walau sokoni na kurudi. Nilikataa. Sikutaka waseme mama wa fundi anazurura.

Baada ya miezi kadhaa miguu ilivimba, ngozi ya kifundo cha kushoto ikawa nyeusi, kisha pakafunguka kidonda. Nikampakia kwenye baiskeli hadi hospitali.

Dresa aliyetupokea, yule mhudumu wa kuosha na kufunga vidonda, alitoka mbali na hakujua Kimwera. Mama naye Kiswahili hakuwa akikisema, kwa hiyo nikawa mkalimani. Dresa alieleza kwamba mtu akitembea, nyama za mashavu ya miguu huisukuma damu irudi juu. Akikaa kutwa, damu hutuama chini na mishipa huzidi kulegea. Nilipomwambia kwamba mama hushinda kitini, akauliza, "Mbona mama hatembei?"

Nikamtafsiria. Mama akajibu kwa Kimwera kwamba mwanawe ndiye aliyemkataza.

Nikamgeukia dresa. "Anasema amechoka kutembea."

Dresa akamwambia, kwa upole, kwamba uvivu utamponza. Hayo akaambiwa mwanamke aliyelima tangu utotoni. Mama aliinamisha macho, akawa anakunja na kukunjua upindo wa kanga yake.

Tulipotoka alikataa kupanda baiskeli. Tukatembea, mimi nikiikokota. Tulipokaribia kota akasema taratibu, kwa lugha yetu, "Ulichomwambia yule bwana nimekielewa, mwanangu. Kusema ndiko kunakonishinda."



Tangu siku hiyo kila jioni tuliuzunguka uwanja pamoja, mguu wake umefungwa bendeji, wenzangu wakifanya mazoezi bila mimi. Akilala, nilimwinulia miguu juu ya magunia yaliyokunjwa. Kidonda kilikuja kufunga mvua zilipokwisha, kikaacha baka jeusi.

Ndipo akaomba kurudi kwake. Tulipanda lori hadi Ruangwa, na njia iliyobaki aliitembea akiwa mbele yangu.

Aliishi miaka mingi. Dresa alihamishwa kabla sijapata moyo wa kumrudia na kumweleza ukweli. Kwa mama nilikwenda kila likizo, nikimpelekea kanga na sukari, nimeazimia kumwomba radhi. Tuliketi, akaniuliza habari za kazi, nikamuuliza habari za ufuta, likizo ikaisha.