Mdahalo Nilioshinda Kimakosa

Wiki iliyopita nilikuwa najaza fomu ya kuomba kazi ya ualimu. Mbele ya maneno "shughuli za nje ya darasa" waliacha mistari miwili, nami nikakaa nayo saa nzima. Nikiandika "mdahalo" tu, wataona sikuwa na lolote la maana. Nikiandika kwamba nilishinda mdahalo mkubwa kuliko yote niliyoiona shuleni kwetu, watauliza nilikuwa upande gani, na hapo mistari miwili haitoshi. Niliandika "mdahalo", nikafuta, nikaandika tena "mdahalo". Yaliyobaki nayaweka hapa.

Nilisoma sekondari ya kutwa Mpanda mjini. Kwetu ni Majimoto, ambako baba analima mpunga, ila wakati wa masomo nilikaa Majengo kwa shangazi, dada yake baba. Darasani sikuwa mjinga. Shida yangu ilikuwa kumaliza. Kila sentensi niliijenga kichwani, nikaibomoa, nikaijenga upya, halafu nikaogopa kwamba ile ya kwanza ndiyo ilikuwa nzuri. Mtihani wa Historia wa kidato cha tatu ulikuwa na maswali matano. Nilijibu moja na nusu. Nikapata ishirini na tisa, na mwalimu akaandika kwa kalamu nyekundu: "Swali la kwanza zuri sana. Wenzake wako wapi?"

Kwenye mdahalo niliingia kwa sababu ya mvua. Ilikuwa Ijumaa, vipindi vimekwisha, mimi nimejibanza kwenye baraza la darasa ambamo klabu ya mdahalo ilikuwa inakutana. Mwenyekiti wao, dada wa kidato cha nne, akatoa kichwa mlangoni.

"We mdogo wangu, una saa?"

"Ninayo."

"Inatembea?"

"Inatembea."

"Basi ingia ushike jembe."

Jembe lenyewe lilikuwa halina mpini, limening'inizwa dirishani kwa waya, na pembeni yake kulikuwa na spana ya kugongea. Kila msemaji alipewa dakika nne. Ya tatu ikiisha unagonga mara moja, ya nne ikiisha unagonga mara mbili. Baada ya mara mbili hakuna aliyeruhusiwa kumalizia sentensi, hata awe kaka mkuu. Unakaa, hata kama neno limebaki nusu mdomoni. Nililigonga jembe muhula mzima na nikaona watu wengi wakikatwa hivyo. Wote walikaa, wakacheka, wakaenda nyumbani.

Siku moja msemaji mmoja hakuja, anaumwa malaria, nikasukumwa mbele kuziba pengo. Nikashika meza kwa mikono miwili, nikaanza. Nilikuwa katikati ya hoja yangu nzuri kuliko zote jembe lilipolia mara mbili. Nikakaa. Nilisubiri aibu ije. Haikuja. Watu walikuwa wanapiga makofi.

Kuanzia hapo nilikwenda na jembe kwenye mitihani. Sio lenyewe, mlio wake. Niligawa muda kwa maswali, na muda wa swali ukiisha nilisikia kichwani ngo, ngo, nikaacha sentensi ilipofika na kuhamia swali jingine. Mwisho wa mwaka Historia nilipata sitini na nne. Shangazi alidhani nimechukua karatasi ya mtu mwingine, akasoma jina juu mara mbili.

Tulipoingia kidato cha nne, shule ilipata mwalimu mpya wa taaluma. Hakuwa mtu mbaya. Alifika kabla ya mlinzi kufungua geti na aliondoka wa mwisho. Lakini aliamini kabisa kwamba mpira, kwaya, skauti na mdahalo ndivyo vinavyotuangusha. Mkuu wa shule, mama mpole aliyependa kusikiliza kila upande, akasema jambo hilo lifanyiwe mdahalo siku ya kikao cha wazazi, kwa Kiswahili ili wazazi wote wafuate. Hoja ikawa: shughuli za nje ya darasa zinashusha alama za wanafunzi.

Pande zetu ziligawanywa kwa kuokota vikaratasi kwenye kofia. Mimi nikaokota "Kuunga mkono". Yaani nisimame niseme kwamba kitu kilichoniokoa kinadhuru. Upande wa kupinga alipata nahodha wa mpira, kijana mrefu wa darasa letu, kutoka familia ya wafugaji wa Kisukuma waliohamia maeneo ya kwetu na ng'ombe wao. Huyo alikuwa hapitishi siku bila kunitania.

"Dada wa mpunga," akasema, "siku hiyo ule kwanza. Usije ukaanguka mbele ya wazee wetu."

"Na wewe uoge kwanza. Usije ukawanukia zizi."

Mtu mwenye akili ya kawaida angetoa hotuba ya wastani, akashindwa kwa heshima, mambo yakaisha. Mimi sikuweza. Nikiwa na wasiwasi huwa najiandaa, na nikijiandaa sijui kuacha. Niliandika kila kitu ambacho yule kijana angeweza kusema, na chini yake jibu, na chini ya jibu, jibu la jibu. Nilijaza daftari. Wala sikujiuliza hata mara moja nikishinda itakuwaje. Katika yote niliyowaza wiki ile, hilo moja halikupita kichwani.

Siku yenyewe wazazi walijaa uwanjani, viti vikawaishia, wengine wakakaa kwenye madawati tuliyotoa nje. Baba alitoka Majimoto kwa pikipiki, akafika na vumbi mpaka kwenye nyusi na kiroba cha mchele wa kumpa shangazi.

Nahodha alianza vizuri. "Wazazi wangu," akasema, "ng'ombe ukimfungia zizini wiki nzima, atakupa maziwa?"

Wafugaji wakaguna kumkubali. Mimi nilikuwa nalo jibu ukurasa wa tatu.

"Ng'ombe hana mtihani wa taifa," nikasema. "Angekuwa nao, nyie msingemtoa malishoni wiki ya mtihani?"

Uwanja mzima ukacheka. Kuanzia hapo walikuwa wangu. Niliongea juu ya saa zinazopotea, miguu inayouma, mtoto anayerudi nyumbani amechoka na kulala juu ya daftari. Jembe lilipolia mara mbili nilikuwa nimeweka nukta.

Kupiga kura pale kwetu ni kwa miguu. Anayekubali hoja anasimama upande wa madarasa, anayeikataa anasimama upande wa kiwanja cha mpira. Wazazi waliinuka kama maji yanayofunguliwa kwenye jaruba la mpunga, wakamiminika upande wa madarasa. Upande wa kiwanja walibaki wachache, na mbele yao, mikono nyuma, alisimama baba yangu.

Sikuwa nimemaliza kumshangaa baba, mkuu wa shule akainuka. Akasema kwa kuwa wazazi wenyewe wameonyesha wanapotaka kusimama, basi kikao kiazimie. Kikaazimia. Kidato cha nne hakuna mpira, hakuna kwaya, hakuna mdahalo mpaka mtihani wa taifa. Mwalimu wa taaluma alikuja kunipa mkono mbele ya watu.

Nahodha alisubiri mwalimu aondoke. "Hongera, dada wa mpunga," akasema. "Umetuchinja bila hata kisu kuteleza."

Baba aliondoka mapema ili asikutwe na giza njiani. Hatukupata nafasi ya kuongea. Nilibaki na picha yake amesimama upande ule, nikaifikiria mpaka ikachakaa. Labda nilimwaibisha. Labda mtoto wa kike hakupaswa kuwajibu watu wazima namna ile.

Wiki mbili baadaye tulifanya jaribio la Historia. Maswali matatu. Nililikalia la kwanza, nikaijenga sentensi, nikaibomoa. Nikatega sikio kichwani nisikie jembe. Kimya. Karatasi zilipokusanywa nilikuwa bado kwenye swali lile lile. Wiki iliyofuata ikawa vile vile kwenye Uraia. Ijumaa zilipita darasa la mdahalo limefungwa, maana bila kidato cha nne klabu haikuwa na wasemaji, na mimi nikarudi kuwa yule wa ishirini na tisa.

Jumapili moja, tumetoka kanisani, baba akapiga simu kwa shangazi. Nikaomba simu. Nilikuwa nimepanga kuzunguka, lakini swali lilitoka lenyewe.

"Baba, kwa nini ulisimama upande wa kiwanja?"

Akacheka. "Mama, kumbe hilo bado linakusumbua?"

"Linanisumbua."

"Wewe ulikuwa mtoto wa kukaa mezani bila chumvi kwa sababu unaogopa kuiomba. Siku ile umesimama mbele ya watu wote hao, unawachekesha, unawapanga, unaniambia mdahalo haukusaidii. Nikasema huyu binti anatudanganya. Tena anadanganya vizuri. Mimi siwezi kumuunga mkono muongo, hata kama ni wangu."

Jumatatu nilikwenda ofisini kwa mwalimu wa taaluma. Njiani nilitunga mwanzo wa maneno yangu kama mara kumi, na nilipofika yote yakapotea. Nikaweka karatasi zangu za majaribio mezani: za mwisho wa kidato cha tatu upande mmoja, za wiki zile upande wa pili.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Nini hiki?"

"Hizi ni kabla hujanipa mkono. Hizi ni baada ya."

Alizisoma taratibu. "Si wewe uliyewashawishi wazazi, binti?"

"Ni mimi, Mwalimu. Nilikosea vizuri sana."

Nilidhani atanifukuza. Akavua miwani, akaifuta kwa shati, akatoa daftari lake la alama. Tulikuwa wasemaji wanane wa kidato cha nne. Akaandika wastani wa kila mmoja wetu wa mwisho wa kidato cha tatu.

"Nawapeni Ijumaa zenu mpaka moko," akasema. Moko ndiyo mtihani wa utamilifu, ule wa kupima kabla ya taifa. "Akishuka mmoja, mmoja tu, nafunga. Na wewe utasimama mbele ya wazazi useme kwa nini umewapotezea watoto wao muda. Wote wanane wakipanda, utasimama vilevile, useme lako lingine."

Niliporudi darasani na habari hizo, nahodha alishika kichwa. Alikuwa mmoja wa wale wanane, na wastani wake ulikuwa arobaini kamili.

"Yaani mdahalo wa shule umeuweka mgongoni kwangu?"

"Kwako na kwa wengine saba."

"Hao wengine wana akili. Mgongo ni wangu."

Tulibadili namna ya kufanya kazi. Badala ya hoja za kila siku tulichukua maswali ya mitihani iliyopita. Unaokota swali kwenye kofia, unasimama, unalijibu kwa dakika nne huku upande wa pili ukikukatiza na kukudai mfano. Ukikaa, unaliandika jibu lile lile kwenye karatasi, na jembe likilia mara mbili kalamu zinawekwa chini. Nahodha alijibu Jiografia kwa ng'ombe. Mmomonyoko wa udongo alieleza kwa njia ya mifugo yao ya kwenda kunywa maji, jinsi ilivyogeuka korongo, na hakuna aliyesahau tena. Hesabu alifundishwa na binti wa kwaya ambaye hakuwa na huruma kabisa.

"Tena," anamwambia.

"Nimechoka, dada."

"Kwenye mpira huwa unachoka dakika ya ngapi?"

Anashika chaki.

Moko ilipofika, katikati ya karatasi ya Historia, nikiwa naijenga sentensi ambayo ingekuwa nzuri mno, nililisikia. Ngo, ngo. Niliiacha sentensi ile bila kitenzi. Mpaka leo najua ilikuwa iishie vipi. Nikahamia swali la pili, la tatu, nikafika la mwisho dakika zikiwa zimebaki, na kwa mara ya kwanza maishani nikafunga karatasi kabla ya kuambiwa.

Matokeo yalibandikwa ukutani, lakini mimi sikuyasogelea. Nilisimama kwenye bomba la maji nikinawa mikono isiyo na uchafu. Nikasikia kelele, halafu nikamwona nahodha anakuja mbio akiwa amenyoosha kidole kimoja juu.

"Arobaini na moja!" anapiga kelele. "Arobaini na moja! Moja ni moja!"

"Na wengine?"

"Wengine wamepaa huko! Wewe Historia sabini na nane! Mimi ndiye niliyewaweka roho juu, nipeni heshima yangu!"

Tukaruka pale bombani mpaka viatu vikajaa matope. Mwalimu wa taaluma alipita, akatutazama, akajifanya kukohoa. Kesho yake asubuhi darasa la mdahalo lilikuwa wazi na jembe limefungwa waya mpya. Hakuna aliyesema kalifunga nani.

Kikao cha wazazi kilichofuata mwalimu alisoma alama zetu, za kabla na za baada, kwa sauti ile ile anayosomea majina ya wachelewaji. Kisha akasema, "Aliyewapeleka upande ule ameomba awarudishe." Nikasimama. Safari hii sikuwa na daftari. Niliwaambia kwamba mara ya kwanza niliwapa hoja na sikuwapa ukweli, nikawaeleza juu ya ishirini na tisa, na mvua, na jembe. Nilikuwa bado naongea jembe lilipolia mara mbili. Nikakaa hapohapo, neno likiwa nusu mdomoni.

Mkuu wa shule akawaomba wazazi wasimame wanapotaka. Wakaanza kuinuka, wakivuta viti, wakiulizana, wakigeuka kuelekea upande wa kiwanja. Wa kwanza kufika walimkuta baba yangu. Alikuwa amesimama pale tangu nilipoanza kuongea, mikono nyuma, na ikabidi asogee kidogo kuwapa nafasi.