Mtani Aliyetaka Kiti cha Njiani

Ukitaka kucheka, cheka sasa umalize, maana nikishaanza sitaki kukatizwa. Haya yamenikuta mimi mwenyewe, asubuhi ya jua kali, ndani ya ndege. Wala sikuwa nimesinzia.

Mama yangu alikuwa Dar es Salaam, anapasuliwa tumbo asubuhi hiyo hiyo. Nilitoka Newala alfajiri nikapandia ndege Mtwara. Mwalimu mwenzangu aliyezoea safari alikuwa amenielekeza: ndege ile ina njia moja tu katikati, viti viwili huku, viwili kule. Dirishani ni kwa washamba wa kutazama mawingu, nyuma kunatikisa. Mwenye haraka akae mbele, kiti cha njiani, atashuka wa kwanza. Nikachagua hicho hicho.

Mara akaja bibi mmoja, usoni ana chale za zamani, mdomo wa juu una tundu la ndonya, pambo la bibi zetu. Nikamwamkia shikamoo. Hakuitikia.

"Mmakonde wewe, nipishe hapo. Mimi mtani wako, Mmakua wa Masasi."

Kwetu mtani anaweza kukuvua hata kofia kichwani, na wewe ukamtukana, na hakuna wa kununa. Tena mtu akifa, watani ndio wanaowahi kuja kuzika na kuwachekesha wafiwa. Nikamwambia apite akae dirishani, palikuwa wazi.

"Dirishani sikai. Nataka nishuke wa kwanza. Mtani hachelewi msibani."

"Msiba wako mwenyewe, bibi kizee!" nikamjibu. "Kama una haraka, kapande bawa."

Akacheka, akanigonga begani, akaenda zake nyuma. Mkono wake ulikuwa wa baridi kama maji ya mtungi.

Tulipokuwa angani aibu ikanishika. Mimi, niliyelelewa kijijini Mnyambe nikaleleka, nimemnyima mzee kiti? Nikainuka nimpishe. Nilitazama safu zote mpaka mlango wa choo. Hayupo. Nikamuuliza mhudumu.

"Mama, leo hatuna bibi yeyote," akasema. "Ila nilikuona unaongea peke yako, nikadhani unasali."

Hebu niambie, ungekuwa wewe ungefanya nini? Mimi nilirudi kitini nikaushika mkanda kwa mikono miwili mpaka tukatua.

Hospitalini nilimkuta mama ameshatolewa chumba cha upasuaji, macho mazito. Sikuwa nimemsimulia mtu yeyote, niamini. Nikasema shikamoo. Badala ya marahaba, mama akaniuliza, "Mbona umemnyima bibi kiti?"

Nikamsogelea kitandani. "Bibi gani, mama?"

"Mtani. Alikuja anahema, amenuna. Anasema, mwanao kanichelewesha, nimekuta wameshakushona."

Huu mwaka wa pili, mama yupo, anapalilia mihogo yake. Na mimi mpaka leo sielewi nilichokifanya. Nilimwokoa? Au nilimkera tu yule bibi, na siku moja atarudi na hasira zake? Bega lile hupoa ghafla, hata nikiwa jikoni mbele ya moto. Naogopa, sifichi. Na mama kila nikimwambia nasafiri, swali lake la kwanza ni, "Utakaa kiti gani?"

Basi nisikilize. Wazee tuwapishe, ndivyo tulivyofundwa. Lakini siku unakwenda kwa mgonjwa wako, akatokea mtu anakitaka kiti chako, usione haya. Muulize kwanza anakwenda kwa nani.