Walivyotujitoa Kwenye Umoja wa Maji

Majina siandiki. Wakwe zangu wengine bado wako kule, na sitaki kesi za kuitwa kwa mtendaji. Ila vyeo naviandika: mwenyekiti wa kitongoji, katibu wake, na shemeji ya mwenyekiti, yule mwenye trekta. Hao ndio waliotutoa kwenye umoja wa maji mpaka mizabibu yangu ikafa. Wao husema tulijitoa wenyewe. Kwenye neno hilohilo ndipo walipotukamatia.

Tulikuwa vitongoji vitatu, kisima kirefu kimoja na bomba moja. Pampu ilikuwa kwa wenzetu wa juu, sisi tukawa wa mwisho. Maji yalitufikia yamechoka, lakini yalifika. Nyuma ya nyumba nilikuwa na shamba la zabibu nililolipanda baada ya kufiwa na mume wangu. Ndilo lililotulisha mimi na mama mkwe. Na zabibu ya kwetu ukiinyima maji kiangazi, umejipandia kuni.

Miaka hiyo kwenye televisheni kulikuwa na ile nchi ya Ulaya iliyokuwa inajitoa kwenye umoja wa wenzake. Katibu alikuwa haondoki kwenye kibanda cha chai, anaangalia kama anaangalia mpira.

"Mnaona wazungu?" alituambia. "Wamechoka kuburuzwa. Bunge limepitisha sheria, kwisha, wako huru."

"Na maji watachota wapi?" nikamuuliza.

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Tangu siku hiyo nikaanza kumwangalia vizuri.

Nikaanza kuona mambo. Shemeji ya mwenyekiti alileta tenki kubwa la kuvutwa na trekta, akaliegesha nyuma ya nyumba na kulifunika turubai. Tenki la nini, na bomba lipo? Nilimuuliza mkewe tukiwa tumepanga ndoo. Mwanamke yule akianza kuongea humnyamazishi, lakini siku hiyo alinijibu, "Shoga, hayo mambo ya wanaume," akaondoka na ndoo haijajaa.

Halafu mkutano ukaitwa. Katibu alianza na mtaro. Alisema bomba linavuja, mtaro ufukuliwe, watu wanahitajika. Akapaza sauti: "Bibi zangu, mama zangu, bila kujitoa hakuna maji!" Sasa kwetu sisi kujitoa ni neno la kanisani na la mtaroni. Mtu aliyejitoa ni yule anayekuja na jembe lake bila kusukumwa. Bibi wote wakatikisa vichwa, kweli, kweli.

Hapo hapo akatoa karatasi, akasoma Kiswahili cha ofisini mbiombio: kwa mujibu wa hiki na kile, kitongoji kinapitisha sheria ndogo ya kujitoa kwenye umoja. Mama mkwe wangu ni Mgogo wa shambani, Kiswahili chake kilikuwa cha kusalimia na kuuzia karanga. Akanigusa goti. "Anasemaje?"

Sikuwahi kumjibu. Mwenyekiti alishasimama.

"Wanaoafiki tujitoe waseme ndiyo!"

"Ndiyooo!" Mama mkwe ndiye aliyevuta sauti kuliko wote.

"Wasioafiki waseme siyo!"

"Siyo!" Tulisema mimi na fundi baiskeli mmoja, mzee ambaye husema siyo hata akikaribishwa chai.

"Nadhani walioafiki wameshinda." Ile nadhani aliitamka kama Spika kabisa, na kichwa kakiinamisha vilevile kama tunavyoona kwenye televisheni.

Nikanyoosha mkono. "Mwenyekiti, kujitoa kupi? Kwa jembe, au kutoka kwenye umoja?"

"Mama, hoja imeshapita. Usiturudishe nyuma."

"Mimi nauliza neno tu."

"Ungekaa darasani ungelijua," akadakia katibu. Watu wakacheka tena, safari hii wananicheka mimi.

Asubuhi yake mama mkwe aliamka mapema, akafunga kanga kiunoni na kubeba jembe. Nilimwambia, mama, sivyo ulivyosikia. Akanitazama kama mvivu. Nikamfuata. Bibi wa kitongoji kizima walikuwa mtaroni na majembe yao, wanataniana. Katibu alipowaona alisita. Nilimwona kwa macho yangu akimwangalia mwenyekiti, mwenyekiti akaangalia pembeni. Kisha katibu akachangamka: "Hongereni sana! Anzieni hapa."

Wakafukua. Wao walijua wanatafuta panapovuja. Bomba lilipokaa wazi, vijana wa trekta wakalikata, wakalivuta, wakalikunja na kulipakia.

"Linakwenda kutengenezwa?" mama mkwe akauliza kwa Kigogo, jasho linamtiririka.

"Ndiyo, bibi," katibu akajibu.

Katika ndiyo zote za siku zile, hiyo ndiyo siwezi kumsamehe.

Nilipanda mpaka kwenye pampu kuwalalamikia viongozi wa umoja. Wakaniambia, "Ninyi si mmejitoa kwa sheria? Na bomba mmeng'oa wenyewe." Niliporudi, turubai lilikuwa limeshatoka kwenye tenki, na shemeji anauza maji kwa ndoo. Niliyonunua yalikuwa ya kunywa na kupikia. Mizabibu iliyo karibu na mlango niliibembeleza kwa maji ya kuoshea vyombo. Mingine ilikauka, nikapikia ugali.

Siku hizi tunakaa mjini, Nkuhungu, nafulia wanafunzi nguo. Juzi mwenyekiti akapiga simu, sauti tamu kama ya mchumba. Trekta la shemeji limekufa, eti kitongoji kinataka kupitisha sheria ya kurudi kwenye umoja, na sauti za wazee zinatakiwa. "Hebu mpe bibi tuongee."

Nikampa. Mama mkwe ameshakijua Kiswahili, mjini kimemwingia. Akasikiliza, simu kaibana kwa mikono miwili.

"Kurudi," akasema mwishoni. "Kurudi kupi?"

Sikusikia alijibiwa nini. Alinirudishia simu ikiwa bado inaongea.

"Anataka niseme ndiyo," akaniambia. "Mwambie bomba nililofukua liko wapi. Alilaze kwanza, ndipo aniite."