Siku Koko Alipokagua Maktaba

Jumamosi, saa kumi na mbili na robo asubuhi, nilikuwa nimesimama mlangoni kwetu Olmotonyi, nimevaa sketi ya shule iliyopigwa pasi mara mbili, nikimsubiri bibi yangu amalize kugombana na mbuzi. Tulikuwa tunakwenda Arusha mjini. Hatukuwa na harusi, wala mgonjwa, wala kesi, na kwetu hizo ndizo sababu zinazotambulika za mtu kwenda mjini na bibi yake. Tulikuwa tunakwenda kukagua maktaba.

Nieleze ilivyoanza. Niko kidato cha tatu, mwakani nina mtihani wa taifa, na nyumbani hakuna pa kusomea. Viti vipo. Tatizo ni kwamba kwetu msichana aliyekaa ni msichana asiye na kazi. Nikifungua kitabu cha baiolojia, kabla sijafika kwenye figo nimeshatumwa maji, nimetumwa kuni, na nimekabidhiwa mtoto wa shangazi ambaye chakula anachokipenda ni udongo. Kaka yangu akishika kitabu, watu wanasema anasoma. Nikishika mimi, wanasema nimekaa.

Mwalimu wetu alituambia kuwa mjini kuna maktaba ya umma, mtu yeyote anaingia na kusoma. Ilinichukua wiki nzima kupata ujasiri wa kuomba niwe nakwenda Jumamosi. Baba akasema nimwulize mama. Mama akasema nimwulize baba. Halafu wote wawili wakamgeukia Koko.

Koko ndiye bibi yetu, mama yake baba. Akisema hapana, hata mchungaji hufunga mkoba wake akaaga.

“Huko wavulana na wasichana wanakaa meza moja?” aliniuliza.

“Ndiyo, Koko.”

“Na wananyamaza?”

“Ni lazima wanyamaze.”

“Basi wana jambo. Nitakwenda kuona mwenyewe. Nisipopapenda, tumemaliza, na usiniletee machozi.”

Tulishuka kwa miguu mpaka barabara ya lami. Hapo jirani yetu Baba Neema alikuwa anatungoja na kirikuu, kile kigari chake kidogo cha mizigo, akipeleka kabichi soko la Kilombero. Koko alikaa mbele, amepakata kibuyu cha maziwa mgando. Mimi nilikaa nyuma juu ya kabichi. Sikulalamika. Kabichi hazimwulizi mtu anaolewa lini.

Kilombero tukashuka, tukapatana na Baba Neema kuwa atatuchukua hapo hapo saa tisa. Nikamwuliza Koko maziwa ni ya nani.

“Ya mwenye nyumba. Utaingiaje kwa mtu mikono mitupu?”

“Koko, ile nyumba haina mwenyewe. Ni ya watu wote.”

“Nyumba ya watu wote ni stendi,” akasema, akaanza kutembea.

Kupita mtaa wa Kaloleni kulikuwa kugumu. Kwetu kijana akikutana na mzee anainamisha kichwa, mzee anakigusa kwa kiganja, ndipo maneno mengine yafuate. Kaloleni siku ya Jumamosi watu wana magunia mabegani na simu masikioni, hakuna anayemwinamia mtu. Koko alinyoosha mkono kwa muuza viatu, kwa mvulana wa karanga, kwa wasichana watatu wenye kope za bandia. Mkono ukarudi mtupu kila mara.

“Shingo zao zina nini?” aliniuliza, kwa sauti ambayo wale wasichana waliisikia vizuri. Mimi niliangalia viatu vyangu. Ni viatu ninavyovijua sana.

Tulipofika maktaba alikuwa amenuna, na mimi nilikuwa nimeshaanza kuziaga Jumamosi zangu. Nikasukuma mlango. Ukumbi ulikuwa na meza ndefu, na kwenye kila meza watu, na kila mtu ameinamisha kichwa.

Koko akasimama. Nikaona uso wake unalainika.

“Kumbe wapo waliolelewa,” akasema. Kabla sijamshika kitenge, akaanza kuwapokea salamu.

Wa kwanza alikuwa mzee mwenye tai na kipara. Koko akakiweka kiganja juu ya kipara. “Marahaba,” akamwambia. Yule mzee hakuwa amesema neno. Aliinua macho, akamwona, akasema “Shikamoo” kwa sauti ya mtu aliyekamatwa. Wa pili alikuwa dada wa chuo aliyesukwa upya. Huyo Koko alimgusa kwa tahadhari, kwa heshima ya msusi. Wa tatu alikuwa na spika za masikioni, akaruka na kiti chake. Wa nne alikuwa amelalia kitabu cha fizikia. Koko akamgusa mara mbili, akanigeukia: “Huyu amewashinda wote kwa adabu.”

Mimi nilikuwa mlangoni nasoma tangazo la kuzima simu. Nililisoma mpaka mwisho, nikarudia. Nilitamani niwe lile tangazo.

Akatokea mama wa mapokezi, mwenye miwani na sweta, ambaye wasomaji walimwita Mama Elibariki. Alikuja haraka, akanong'ona: “Mama, samahani, humu hatusalimiani.”

Koko hajui kunong'ona. Sauti yake imezoea kuita watu ng'ambo ya korongo. “Hamsalimiani? Mmegombana?”

Meza nzima ikaanza kutikisika kwa vicheko vilivyozibwa.

“Hapana, mama. Wanasoma.”

“Wote?”

“Wote.”

“Na nani anawatuma vitu?”

“Hakuna anayewatuma. Wakishakaa, wamekaa.”

Koko alilitafakari hilo. Kisha akamnyooshea kibuyu. Mama Elibariki akatikisa kichwa, akasema maziwa hayaruhusiwi ndani, vitabu vitaharibika.

“Maziwa yangu yakikataliwa, na mimi nimekataliwa,” Koko akasema. Akajifunga kitenge vizuri na kugeukia mlangoni. “Twende, mtoto.”

Mimi ni mtu ambaye darasani nikiulizwa jina langu nafikiria kwanza. Lakini pale mlangoni sikuondoka. Nilisimama katikati ya mlango, na Koko hakuwa na pa kupita.

“Unafanya nini?”

“Nimesimama, Koko.”

Sijui tungekaa hivyo mpaka lini. Mama Elibariki alinitazama mimi, akamtazama Koko, akavua miwani yake, akainamisha kichwa. Nywele zake nyingine zilikuwa nyeupe. Koko akasita, kisha akamgusa. Ndipo Mama Elibariki akapokea kibuyu kwa mikono miwili.

“Nimepokea, mama. Kitakaa kwangu mapokezi, na saa nne nitakunywa.”

“Wewe wa wapi?”

“Makumira. Ni Mmeru.”

“Nilijua. Wameru mnanyamaza mkila ndizi, sasa mnawanyamazisha na wengine.”

“Ndizi hazina kelele, mama. Si kama ng'ombe wenu ninyi wafugaji.”

Koko akacheka, akaingia ndani kama mgeni rasmi.

Nilipata kiti karibu na rafu ya sayansi. Koko akakaa dirishani, miguu pamoja, mikono mapajani. Mwanzoni nilimwona anatega sikio. Nyumbani jina lake linaitwa toka jogoo: Koko, chumvi iko wapi? Koko, panga liko wapi? Koko, mtoto amekula nini? Alikuwa anangoja aitwe. Mimi nilisoma figo. Nilizisoma zote, na vimirija vyake vyote, na hakuna aliyenituma hata kiberiti. Nilipoinua kichwa tena, Koko hakuwa amelala. Alikuwa anaangalia nje tu, na mabega yake yalikuwa yameshuka. Sikujua kuwa siku zote huwa yamepanda.

Muda wa kurudi Kilombero ulipofika nikamwendea. “Koko, Baba Neema anatungoja.”

“Bado kidogo,” akasema, bila kugeuka.

Tulirudi kigari kikiwa kitupu, mimi nyuma kwenye majani ya kabichi, nikimtazama kisogo kupitia kioo kidogo. Kisogo hakisemi kitu. Tulishuka, tukaanza kupanda njia ya nyumbani, na bado hukumu haijatoka. Ninaamini alikuwa ananitesa.

“Yule mwenye adabu,” akaanza hatimaye, “alikuwa amelala.”

“Ndiyo, Koko.”

“Nilijua. Mara ya pili nilimgusa ili aendelee kulala.” Tukapiga hatua chache. “Hakuna aliyeniuliza chumvi iko wapi. Siku nzima.”

“Hakuna.”

“Jumamosi utakwenda.”

Nilitaka kuruka, ila kwetu haturuki mbele ya wakubwa.

“Na mimi nitakwenda,” akamalizia. “Yule Mmeru ana kibuyu changu.”

Nakiri hilo sikuliomba. Niliondoka nikidhani ni mimi tu ninayehitaji mahali pa kukaa bila kutumwa, kwa sababu ni mimi tu mwenye mtihani. Kumbe nilikuwa nakaa nyumba moja na mtu aliyekuwa anahitaji mahali hapo tangu kabla baba yangu hajazaliwa, na yeye hata kitabu hakufungua.

Kesho yake, Jumapili kabla ya kanisa, nilitoa vigoda viwili, nikaviweka nyuma ya nyumba. Nikakaa kimoja, nikainamia kitabu. Muda si mrefu nikahisi kiganja kichwani, kisha Koko akakaa kwenye kile kingine na kufumba macho.

“Koko!” shangazi akaita kutoka jikoni. “Chumvi iko wapi?”

Koko hakufumbua macho. Mimi sijawahi kumjibu shangazi kwa sauti tangu nizaliwe.

“Hayupo,” nikasema. “Yuko maktaba.”

Shangazi akachungulia konani. Akatuangalia mmoja mmoja. Akarudi jikoni, tukamsikia anafungua makopo, moja baada ya jingine. Nikainamisha kichwa tena, nikaanza sura ya ini.