Kamaliza na Biblia ya Pini

Mtaa mzima ulimwita Kamaliza, na jina hilo alijipa kwa mdomo wake mwenyewe. Ukimpelekea kitambaa akushonee sare, hata hujakaa vizuri kwenye benchi ameshakwambia, "Nimemaliza, bado vifungo tu." Vifungo vyenyewe utavifuata wiki tatu. Lakini kimoja alikimaliza kweli, tena kwa kelele: Biblia. Alikuwa ameimaliza mara tatu, mwaka hadi mwaka, na kama hukujua hilo basi hujawahi kupita mbele ya cherehani yake.

Mbinu yake ilikuwa ya kifundi. Kila mwanzo wa mwaka alivua futi shingoni, akapima safu za maandishi kama anavyopima kitambaa, akagawa kwa siku. Hesabu ikampa inchi arobaini na sita kwa siku. Kila zilipotimia akachomeka pini, na pini ikisema basi ni basi, hata kama sentensi haijafika kwenye nukta. Kuna siku aliwaacha watu katikati ya bahari iliyogawanyika, maji yamesimama kama ukuta huku na huku, akaenda zake kupiga pasi suruali. Watu wale wakalala humo humo baharini.

Jumapili alisimama mbele ya karatasi ya wasomaji iliyobandikwa ukutani kanisani, akajiwekea alama zake saba za vema, kisha akarudi nyuma hatua mbili ili wengine nao wapate nafasi ya kustaajabu.

Mama yake mzazi aliishi chumba cha nyuma ya duka. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu hadi akawa hauoni hata mkono wake mwenyewe, na kilichomuuma kuliko vyote ni kutoweza kusoma tena. Yeye alikuwa msomaji wa aya moja moja. Aya moja alipika nayo, akafua nayo, akalala nayo. Kamaliza akamwapia, "Mama, sasa mimi ndiye macho yako." Mama wa watu akalia kwa furaha. Hakujua kwamba macho yenyewe yana haraka.

Kila asubuhi kabla ya kufungua duka, fundi alikaa kando ya kitanda na kusoma kama anayefukuzwa na mbwa.

"Ngoja, mwanangu," mama akamkatiza siku walipofika kwa yule mke asiyependwa, aliyezaa na kuzaa akitumaini mumewe atamgeukia. "Hivi huyu mama usingizi aliupataje, na mdogo wake ndiye kipenzi?"

"Hayo hayajaandikwa, mama."

"Ndiyo maana nakuuliza wewe."

"Mama, jamani, tumebakiza inchi kumi na mbili!"

Kesho yake Kamaliza alipoingia na Biblia kwapani, aliambiwa, "Pumzika, baba. Nimeshasomewa."

Aliyemsomea ni fundi viatu wa barazani, mtu aliyeacha shule darasa la pili na aliyesoma kwa kusukuma silabi kwa kidole. Wawili hao walianza mwanzo kabisa. Kila asubuhi, kabla hajafungua sanduku lake la gundi na misumari, alimsomea mama aya moja, mara nyingine mbili. Halafu alikwenda kushona soli akiitafuna kichwani, na kesho yake alirudi na swali. Mama naye alikuwa na lake linamsubiri.

"Yule?" Kamaliza alicheka hadi akashika mbavu. "Atamaliza lini, siku ya kiyama?" Lakini iliuma, na asubuhi ile alijidunga sindano mara mbili. Kumpoteza mama kwa mshona soli ilikuwa aibu asiyoweza kuimeza. Akajisemea kwamba atamrudisha kwa ushindi.

Jumapili ya mwisho wa mwaka kanisa likampa cheti cha kuimaliza Biblia mara ya nne. Akakitia kwenye fremu ya kioo, akakipeleka moja kwa moja kwa mama, mtu asiyeona. Akamkuta fundi viatu amekaa kitini pale alipokuwa akikaa yeye. Kamaliza akasimama mlangoni kifua mbele, akingoja wamalize.

Fundi viatu alikuwa akisukuma silabi za yule mjakazi aliyefukuzwa nyumbani pamoja na mwanawe. Maji yamewaishia jangwani. Mama mtu akamlaza mtoto chini ya kichaka, akaenda kukaa mbali. Hapo msomaji akakwama, akajipangusa uso.

"Hakutaka kumwona akifa," mama alisema taratibu. "Na mimi, huyu mwanangu alipougua akiwa mdogo, nilimwachia shangazi yake nikatoka nje. Sijawahi kumwambia mtu."

Kamaliza hakuwa amelisikia hilo maishani mwake. Fremu ikashuka taratibu mpaka magotini, naye akajikuta anauliza kwa sauti ndogo:

"Sasa yule mtoto... alikufa?"

Fundi viatu, kwa adabu, akainamisha macho kwenye kidole chake. Mama akageuzia uso upande ilikotoka sauti.

"Si ndiyo umeimaliza mara ya nne, mwanangu?"

Mama akapapasa pembeni yake, akakipigapiga kitanda ili mwanawe akae.

"Anza tena mwanzo, fundi," akamwambia mshona soli. "Na usome polepole. Leo tuna mgeni."