Chujio Linalonguruma

Siku pikipiki yangu ilipokufa njiani ndiyo siku niliyomsikia mke wangu akicheka.

Utasema, jambo gani hilo la kusimulia? Mke wangu alikuwa hacheki. Angalau mimi ndivyo nilivyojua, na tulikuwa tunaishi nyumba moja, chumba kimoja, kitanda kimoja.

Tena alicheka nikiwepo. Ila yeye hakujua kama nipo.

Ngoja nianze mwanzo, maana jambo lenyewe limeanzia kwenye chujio la hewa.

Mimi ni karani wa bohari la mbao. Shule niliikosa utotoni nikaifuata ukubwani, masomo ya jioni, nimekaa dawati moja na vijana wa umri wa mwanangu, mwalimu mwenyewe mdogo kwangu. Walinicheka. Nikamaliza. Cheti changu kimetundikwa sebuleni juu ya runinga, ili anayetazama upuuzi akitazame na hicho.

Mtaani wananiita Mzee Kamusi. Siwalaumu. Mtu akikosea kusema mbele yangu namsahihisha, hata kama kaja kunipa habari ya msiba.

Nyumbani kwangu chakula cha jioni kilikuwa na utaratibu. Mmoja anasoma gazeti kwa sauti, wengine wanasikiliza, kisha nauliza maswali. Asiyejibu anasoma tena, na ubwabwa upoe ukipoa.

Sijawahi kumpiga mtu. Sijawahi kulewa. Binti yangu nimemsomesha mpaka chuo. Alipoolewa na mambo yakawa magumu, nikampa yeye na mumewe vyumba viwili vya uani, bure.

Sasa niambie, kosa langu liko wapi?

Pikipiki yangu niliitunza kama jicho. Ilikuwa kimya, huwezi kuamini ni chombo cha zamani. Na nilikuwa na mtindo wangu. Nikifika kwenye tangi la maji, pale mteremko wa kwetu unapoanza, nazima injini. Naiacha iteleze yenyewe hadi mlangoni. Nimeokoa mafuta.

Na nilikuwa nakuta mambo!

Unaingia, runinga inapiga kelele. Binti kajilaza kochini, miguu juu. Mama yake kakaa chini, soga zimenoga. Basi hapo hapo, helmeti ikiwa bado kichwani, naanza kuinyoosha nyumba.

Jumapili moja mkwe wangu akaja sebuleni. Yeye anauza vipuri vya pikipiki.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

"Tumekuletea zawadi, baba. Ya kwetu sote."

Nikafungua boksi. Chujio la hewa! La umbo la koni, jekundu, kichwa chake kinang'aa kama sufuria mpya.

"Lako la kiwandani limefungiwa ndani ya boksi," mkwe akanieleza. "Injini inapumua kama mtu aliyefunikwa blanketi. Hili linakaa wazi. Utaona nguvu yake."

Mke wangu alikuwa amesimama nyuma yake. Akasema, "Umehangaika nayo miaka yote hiyo pikipiki, baba watoto. Nayo ipate pumzi."

Niliguswa, sisemi uongo. Nilikuwa nimesahau lini mara ya mwisho mtu wa nyumbani kwangu alinipa kitu ambacho sikukiagiza.

"Ila kuna sharti, baba," mkwe akaongeza. "Ukishafunga hili, usizime injini pale mteremkoni. Pikipiki ikiteleza imezimwa, vumbi linapenya moja kwa moja. Zima ukifika mlangoni."

"Kwenye maelekezo mbona halimo?"

"Hayo hayaandikwi, baba. Hayo tunayajua sisi wa dukani."

Nikakubali. Mimi, ninayebishana mpaka na gazeti!

Sikupeleka kwa fundi. Nilivaa miwani, nikasoma maelekezo, nikayarudia, nikatandika gunia uani. Nikatoa kiti. Nikatoa makava ya ubavuni. Nikafungua nati za boksi la zamani, nikalegeza kibano cha ule mpira unaoliunganisha na kabureta.

Boksi likagoma. Likanikwangua vidole. Nikaligeuza huku na huku, kama unavyotoa kabati kwenye mlango mwembamba, mpaka likasalimu amri. Nikafuta mdomo wa kabureta kwa kitambaa safi. Nikavalisha chujio jipya, likaingia bila ubishi, nikakaza kibano chake.

Nilipoinua uso, familia nzima imesimama mlangoni. Wananitazama kama watu wanaosubiri majibu ya daktari.

Nikajisemea moyoni, leo wamemjua baba yao.

Nikapiga kiki.

Weee! Ule haukuwa mlio wa bomba la moshi. Ulitoka chini ya kiti changu, hewa inavutwa kwa pupa, inanguruma kama simba mwenye mafua. Nikivuta mafuta, inazidi.

Mke wangu akapiga makofi. Makofi kabisa.

Kesho yake nikapita kwa fundi wangu, tunayemwita Nati, anirekebishie kabureta. Hewa ikizidi lazima na mafuta yaongezwe, la sivyo injini inachemka. Hilo nililisoma mwenyewe.

Nati akalizunguka chujio akitikisa kichwa. "Mzee Kamusi, hili ni la vijana wa mashindano. Halina kofia. Vumbi lako la mbao hili hapa, mvua hii hapa. Halafu kelele! Ukiwa tangini tu, nyumbani wameshakusikia."

"Waache wasikie. Mwenye nyumba anakuja."

"Na hili la kutozima mteremkoni nani kakwambia?"

"Mkwe wangu."

Nati akainama kutafuta bisibisi. Bisibisi ilikuwa mkononi mwake.

Tangu siku hiyo, ndugu yangu, nyumba ikabadilika.

Nafika, mlango uko wazi. Runinga imezimwa. Binti kakaa wima, gazeti mkononi. Mkwe anasimama kunipokea helmeti. Mke wangu yuko pembeni ya meza, mikono ameikunja, maji ya kunawa yapo tayari.

"Karibu, baba watoto."

Naingia kama waziri.

Hata kazini nikatamba. Nikawaambia vijana wa bohari, heshima haiji kwa kubembelezwa. Ukiishika nyumba yako sawasawa, ipo siku itanyooka yenyewe. Wakaitikia, "Kweli, mzee."

Nilitembea na furaha hiyo msimu mzima wa kiangazi.

Kisha mvua zikaanza.

Ya kwanza ilinikutia njiani jioni, natoka kazini. Haikunyesha, ilimwagwa. Nilipokaribia tangi la maji, ngurumo ya chujio ikageuka kikohozi. Ikakohoa, ikakwama, ikakohoa tena. Pale pale mwanzo wa mteremko, injini ikazima.

Maji yalikuwa yameingia. Nati alisema.

Ningefanya nini? Nikaiacha iteleze kama zamani. Magurudumu yakanipeleka hadi ukutani kwetu bila sauti yoyote zaidi ya mvua.

Nikashuka. Ndipo nikasikia muziki.

Kwangu, muziki! Nikajua leo nimewakamata. Nikanyata mpaka chini ya dirisha la sebule, pazia halijafungwa vizuri.

Mke wangu alikuwa amesimama juu ya stuli. Amevaa miwani yangu ya akiba na koti langu kuukuu la kazini. Kidole juu.

"Si 'nimekuja'," alikuwa anasema, kwa sauti yangu. Ilikuwa sauti yangu hasa, mpaka ule mkwaruzo wa kooni. "Mbuzi ndio huja. Mtu aliyesoma huwasili!"

Binti yangu kaanguka kochini, anajishika mbavu. Mkwe anafuta machozi.

"Mama, na ile ya chumvi! Fanya ile ya chumvi!"

Akashusha miwani puani. "Chumvi hii imezidi. Nani anaweza kunitajia kinyume cha kuzidi?"

Wakapiga kelele. Na mke wangu akacheka.

Kicheko kile nilikijua. Nilikisikia ujanani kwenye harusi ya jirani, kuna msichana alikuwa anaigiza watu wazima mmoja mmoja, na nikamwambia mwenzangu, yule pale nitamwoa. Nikamwoa. Sikumbuki kilipoishia kile kicheko. Nilidhani kimezeeka, kama meno.

Kumbe kilikuwa na ratiba.

"Mama, shuka basi," binti akasema. "Muda wake huu."

"Bado. Hajafika tangini. Niacheni nicheke, akishafika nitapumzika."

Mkwe akachomekea, "Lakini mama ulichagua! Nilimwambia lipo la bei rahisi, halina kelele. Mama akasema, nipe lile linalonguruma kuliko yote."

"Miaka mingapi nashtukizwa ndani ya nyumba yangu?" mke wangu akasema. Hapo hakuwa anaigiza. "Moyo unanidunda kama mwizi, na sijaiba kitu."

Mkwe akataka kuirudisha furaha, akasema:

"Na ile ya kutozima injini niliitunga pale pale! Baba wa watu akaitikia! Jamani, wahenga walisumbuka bure. Nani wa kumfunga paka kengele? Kajifunga mwenyewe, tena kwa miwani, baada ya kusoma maelekezo!"

Kicheko kikapasuka upya. Mke wangu ndiye aliyecheka kuliko wote.

Mkono wangu ulikuwa umeshashika kitasa.

Ningeingia. Maneno nilikuwa nayo, mimi sikosi maneno. Vyumba vya bure vya uani, ada za chuo, paa linalowakinga na mvua ile iliyokuwa inanipiga mimi mgongoni. Ningesema sentensi moja tu, iliyopangwa vizuri, na wasingecheka tena mpaka nizikwe.

Nikaachia kitasa.

Nikaigeuza pikipiki nikaanza kuisukuma kurudi juu. Matope mpaka vifundoni, kiatu kimoja kikabaki nyuma nikakirudia. Niliisukuma kwa kifua, kwa tumbo, kwa hasira. Umri huu! Nilipofika tangini nilikuwa naona nyota bila anga.

Nikalegeza kibano, nikalitoa lile chujio lao, nikalikung'uta maji, nikalikamua kwa shati. Nikachomoa plagi nikaifuta. Nikapiga kiki mpaka goti likalia. Mwishowe ikakohoa, ikakohoa, ikashika.

Nikavuta mafuta. Simba akanguruma.

Nikateremka polepole sana.

Mlango uko wazi. Runinga imezimwa, muziki hakuna. Binti, gazeti mkononi. Koti langu kuukuu liko kwenye msumari wake. Stuli iko chini ya meza.

"Karibu, baba watoto. Umelowa!"

"Mvua."

"Pole."

"Mmeshindaje?"

"Salama tu."

Macho yake yalikuwa mekundu, na kwenye kona ya jicho kuna chozi lililobaki. Aliona nimeliona. Akalifuta haraka.

"Moshi wa jikoni," akasema.

Jiko lilikuwa limepoa tangu mchana. Nikasema, "Moshi unasumbua."

Jioni ile sikuuliza maswali ya gazeti. Binti alisoma, akamaliza, akanisubiri. Nikawaambia wale chakula.

Wiki iliyofuata Nati akaifungua injini. "Mzee, chujio hili linakuulia pistoni. Vumbi la mbao limeshaanza kuila. Lile boksi lako la zamani lipo?"

"Lipo, juu ya kabati. Bado zima kabisa."

"Basi lete nilirudishe leo leo."

"Acha. Napenda sauti yake."

Akanitazama sana. Safari hii hakutafuta bisibisi.

Wewe unayesoma, kama una nyumba na inanyamaza ukiingia, usiharakishe kuiita heshima. Na ukipewa zawadi na wote kwa pamoja, angalia kwanza nani anapiga makofi.

Sijawasamehe, wala hawajui kama nina la kuwasamehe. Pikipiki itakufa, nami nitatembea kwa miguu, na sijui siku hiyo watanisikiaje.

Kwa sasa, kila jioni nikifika tangini natia gia ndogo na kuvuta mafuta mapema. Nawapa muda wa kufuta machozi.