Mizimu ya Televisheni na Udongo Mkavu wa Kibugu

Siku yangu ya kwanza kazini, katika kituo cha polisi cha Ishiara, nilipiga picha kumi na mbili za duka lililovunjwa, na zote kumi na mbili zikatoka nyeusi kama sufuria ya githeri. Nilikuwa nimesahau kutoa kifuniko cha lenzi. Kamera tuliyopewa ilikuwa ya zamani hata kwa wakati huo. Ulichungulia kwa kidirisha kidogo cha pembeni, kwa hivyo mpiga picha aliona kila kitu vizuri huku kamera yenyewe ikiwa kipofu. Filamu ilipelekwa Embu kusafishwa, ikarudi baada ya wiki moja ndani ya bahasha ya kaki, na mkuu wa kituo akaniita ofisini.

Alikuwa Inspekta mnene mwenye sauti ndogo. Alizipanga zile picha mezani moja baada ya nyingine, akazitazama kwa makini, akaniuliza, “Mbogo, huyu mwizi aliiba hata mwangaza?”

Nilidhani nimefutwa. Badala yake alinipa sheria niliyoibeba hadi siku niliyorudisha sare. “Kuanzia leo andika ulichoona. Ulichofikiria mpelekee mama yako nyumbani, yeye atakusikiliza.”

Hiyo ndiyo kazi niliyofanya maisha yangu yote, kazi ya mahali pa tukio. Ninyi mnaoiona kwenye simu mnafikiri ni miwani ya jua na kukimbizana. Sisi tulifika, tukafukuza watu wasikanyage, tukapiga picha, tukapima kwa utepe, tukachora ramani, tukakusanya vidhibiti. Kidhibiti ni kitu chochote kinachoweza kuwekwa mbele ya hakimu kikatoa ushahidi bila kuapa: kifungo cha shati, kipande cha kioo, udongo wa kiatu. Mambo ya kuchosha sana. Mke wangu husema angejua mapema kwamba mapenzi yangu ni utepe wa kupimia, angeolewa na fundi cherehani.

Kutoka Ishiara nilihamishiwa Maua, na huko ndiko nilikokutana na mzimu wangu wa kwanza. Mfanyabiashara mmoja alikuwa ameuawa katika chumba cha nyuma cha duka lake na muuaji hakupatikana. Tangu hapo kila mpangaji aliyeingia alitoka mbio, akisema kivuli cha mtu hupita ukutani kabla ya alfajiri. Mkubwa wangu Maua alikuwa mama mmoja, Inspekta wa upelelezi, mfupi na asiyependa maneno mengi. Alinipa chupa ya chai na blanketi. “Nenda ulale huko,” akasema. “Ukifa, andika ripoti.”

Kivuli kilikuja kweli. Sitawadanganya, chai ilimwagika. Lakini baada ya dakika chache kikapita kingine, na kingine, vyote kutoka kushoto kwenda kulia, na kila kimoja kilikuja na muungurumo. Zilikuwa pikapu za miraa zikikata kona kwenda Nairobi. Taa zake zilipiga nondo za dirisha, na kivuli cha nondo kikatembea ukutani kama mtu mwembamba mwenye haraka. Wiki hiyo hiyo mvua ikaharibu barabara, pikapu zikapitia upande wa pili wa mji, na mzimu nao ukalala. Nilipomweleza Inspekta alicheka mpaka akafuta macho. “Kumbe hata huyu amechelewa soko!” Mwenye nyumba akatundika pazia zito, mpangaji akakaa humo miaka mingi.

Basi msinione mkaidi ninapokataa vipindi hivi vya televisheni vya kuwinda mizimu. Sikusoma ukaidi kwa kitabu.

Kesi ninayotaka kuwaambia ni ya Kibugu, kwetu. Nilikuwa nimehamishiwa Embu, chini ya afisa mkuu wa upelelezi wa wilaya, mzee mkali aliyenyoa kipara kila asubuhi. Asubuhi moja tuliitwa kwenye kituo cha majani, lile banda ambapo wakulima hupeleka vikapu vya majani chai kupimwa kabla lori halijayabeba kwenda kiwandani. Karani wa kituo, kijana aliyeitwa Nyaga, alikuwa amelala kifudifudi kwenye njia ya nyuma, nje, mahali pasipo na paa. Alikuwa amepigwa kichwani. Aliyempata ni jirani, Njeru, akipeleka maziwa alfajiri. Na kama kawaida ya dunia, aliyempata ndiye aliyeshikwa.

Mvua ilikuwa imenyesha tangu saa kumi na moja jioni mpaka karibu kuche. Udongo wetu mwekundu ulikuwa umelowa, kiatu kilizama. Tulipomwinua Nyaga nilipiga magoti nikaweka kiganja pale alipolalia. Pakavu. Hata vumbi lilikuwepo. Nilipiga picha, nikahakikisha kifuniko kimetoka, nikapiga tena.

Maana yake ni rahisi hata kwa mtoto wa shule: Nyaga alianguka kabla ya tone la kwanza. Dereva wa lori alimwacha hai saa kumi, akifunga banda. Kwa hivyo aliuawa kati ya saa kumi na saa kumi na moja, na katika saa hiyo Njeru alikuwa kanisani akiimba besi mbele ya kwaya nzima na mchungaji. Kabla ya saa nne asubuhi nilikuwa nimeyaandika yote. Daktari naye akaandika kwamba kijana alikufa papo hapo.

Njeru aliachiliwa baada ya siku mbili, bila neno. Nilipomuuliza mkubwa kama tunaweza kuwaambia watu kwa nini, alinitazama kama mtu aliyeomba kulala na bunduki. “Faili ikiwa wazi, mdomo umefungwa.” Hiyo ilikuwa desturi yetu, na ilikuwa na sababu: ukisema unachojua, muuaji naye anasikia. Lakini muuaji hakupatikana, faili ikabaki wazi, na midomo yetu ikabaki imefungwa zaidi ya miaka ishirini.

Kijijini walijijazia wenyewe. Walisema Njeru ameachiliwa kwa kukosa ushahidi, ambayo ni njia ya kusema alifanya. Kwenye foleni ya majani watu waliacha nafasi ya kikapu kizima kati yao na yeye. Hakuna aliyemwita katika wazee wanaokwenda ruracio, kuzungumza mahari ya binti za wenzao. Mama Nyaga, ambaye nyumba yake iko chini kidogo ya kituo, alikuwa akimwona tu, anavuka barabara ili wasikutane. Mama huyo alikuwa ameandikisha taarifa yake kwangu siku ile, na maneno yake machache ndiyo niliyosahau kuliko yote: kwamba usiku ule mvua ilipiga mabati mpaka asingesikia hata akiitwa jina.

Nilistaafu, nikarudi Kibugu kupanda majani yangu. Shamba langu na la Njeru yametenganishwa na nyasi za kulisha ng'ombe. Tulisalimiana kila asubuhi. Na mimi, kwa mazoea ya askari, sikusema kitu.

Mwaka huu wakaja watu wa televisheni. Walikuwa watatu, na kiongozi wao aliitwa Brayo, kijana mcheshi mwenye koti jeusi refu katika jua la saa nane mchana. Wanazunguka nchi wakipiga kipindi mahali palipouawa mtu na kesi ikakwama. Nilimuuliza kwa nini mizimu yake inatafutwa mchana.

“Usiku tutauweka na kompyuta, guka. Barabara zenu kukinyesha ni noma, lazima tutoke mapema.” Aliniita guka, yaani babu.

Alikuwa na mashine ndogo yenye taa tano ambazo, alisema, huwaka roho ikiwa karibu. Kijiji chote kilifuata. Pale bandani mashine iliwaka taa moja. Brayo akainua uso juu akaita, “Nyaga! Kama uko hapa, tuonyeshe aliyekuua!” Akaifuata ile mashine kwenye njia, taa mbili, taa tatu, mpaka akasimama kwenye lango la Njeru. Taa zote tano zikawaka na mashine ikalia kama kifaranga aliyekanyagwa.

Njeru alikuwa amesimama ndani ya lango na binti yake Wanja. Jumamosi ya wiki hiyo wakwe wa Wanja walikuwa watoke Meru kuja kwa ruracio, na Brayo alikuwa ametangaza kwamba kipindi kitaonekana kesho yake, kabla wakwe hawajafika, kwa simu za watu wote, Meru ikiwemo. Nilimwona Wanja akimshika baba yake mkono. Njeru alikuwa amezoea, na hilo ndilo lililoniuma.

Nikainua macho, kama nilivyofundishwa, niangalie kilichopo. Kwenye lango la Njeru kuna nguzo ya stima, na kwenye nguzo kuna mita. Kutoka bandani mpaka pale njia yote inakwenda chini ya waya.

“Kijana,” nikasema, “hebu lete hiyo roho kwangu kidogo.”

Tuliingia jikoni kwangu, nusu ya kijiji nyuma yetu. Mashine ilipofika kwa friji ikawaka taa tano. Mke wangu akaweka mikono kiunoni. “Na hii imeua nani? Mimi najua tu imeua maziwa, siku stima ikipotea.” Kwa redio, taa nne. Kwa taa ya kutunzia vifaranga, tano tena, na kelele. Watu wakaanza kucheka, lakini Brayo hakuwa mjinga.

“Sawa, guka, stima inaisumbua. Lakini roho pia inaweza kutumia stima.”

“Basi tungoje mvua,” nikasema.

Yeyote anayekaa Kibugu anajua nilichomaanisha. Mawingu yalikuwa yamekwisha kushuka kutoka msituni. Matone mazito kumi ya kwanza yakaanguka, friji ikakoroma, ikanyamaza. Stima imekwenda. Tulirudi kwa Njeru tumejifunika magunia na makarai, Brayo na koti lake limelowa, akaiweka mashine kwenye lango, akaiweka kwenye nguzo, akaitikisa. Haikuwaka hata taa moja. Akaangua kicheko yeye mwenyewe, na kwa hilo nikampenda.

“Mzimu wenu,” mke wangu akasema, “haujalipiwa tokeni ya stima.”

Ingekuwa nzuri kama ingeishia hapo. Lakini mzee mmoja aliyekuwa chini ya paa la banda la ng'ombe akasema, bila ubaya, “Mashine ni bure, tumeona. Lakini hata polisi walimshika Njeru. Na polisi hawana taa tano.”

Kicheko kikakauka. Nikajua huyo amenisema mimi. Nilikuwa nimeumbua mashine ya watu kwa kumsingizia mtu, na mimi nilikuwa nimekaa na kitu cha kumwosha tangu Wanja akiwa tumboni. Desturi ya kazi nikaimeza. Nikawaambia yote: kiganja changu chini ya Nyaga, vumbi, saa ya mvua, dereva, kwaya. Brayo alikuwa ameinua kamera chini ya mwavuli. Sikumzuia.

Njeru alinisikiliza mpaka mwisho. “Ulijua hii yote siku ile?”

“Kabla ya saa nne asubuhi.”

“Na kila siku unaniuliza ng'ombe wameamkaje.”

“Ndiyo. Nisamehe, Njeru. Niliandika kwa faili nikadhani nimemaliza.”

Alinigeuzia mgongo. Nimesimama mbele ya mahakimu wengi wakinikunjia uso, na hakuna aliyenifanya nijisikie mdogo hivyo. Hapo ndipo Mama Nyaga akasogea. Alikuja na mkongojo wake kwenye matope, watu wakampisha, na hakumtazama Njeru wala kamera. Alinitazama mimi.

“Mbogo, chini yake palikuwa pakavu?”

“Pakavu kabisa, mama.”

“Na daktari alisema hakukaa?”

“Alikufa papo hapo. Imeandikwa.”

Mvua ilikuwa ikimtiririka kwenye leso. “Watu walisema alilala mvuani akiniita usiku kucha,” akasema. “Mimi niko pale chini, na mabati yanapiga kelele. Kila mvua ikinyesha nafungua dirisha nisikilize.” Akashusha pumzi. “Kumbe mvua haikumkuta hai. Kumbe mtoto hakuniita.”

Nililia, sioni haya kusema. Maneno ya mama huyo yalikuwa kwenye faili ile ile na udongo mkavu, kurasa chache tu katikati, na mimi niliyezoea kupima kila kitu sikuwahi kuyaweka pamoja.

Brayo aliniuliza kwa sauti ya chini kama wanaweza kuitumia ile. Nikamwambia atumie yote, na asiweke usiku. Kipindi kilionekana hivyo hivyo, mchana na mvua na mke wangu na friji yake, na naambiwa kimependwa kuliko vyote alivyopiga. Siku mbili baadaye nilikwenda Embu kwa maafisa wa sasa kuwaambia nimesema nini hadharani. Yule mkubwa, kijana wa umri wa mwanangu, alinikaripia kama ilivyo haki yake, kisha akaomba faili itolewe kabatini. Nani alimuua Nyaga bado hatujui. Mwenye kujua ni mtu, na mtu ndiye wa kuulizwa.

Jumamosi wakwe walifika kutoka Meru. Nilikuwa nimeitwa, nikakaa katika wazee, na Njeru akanipa kiti bila kunitazama sana, ambayo ni haki yake pia. Mke wangu alikuwa jikoni na wanawake wakiponda viazi na mahindi ya mukimo. Kabla hatujaanza kuzungumza mvua ikaja, ikapiga mabati mpaka mshenga akalazimika kunyamaza.

Niligeuka kutazama Mama Nyaga. Alikuwa amekaa karibu na dirisha, ameletwa na Wanja mwenyewe. Dirisha lilikuwa wazi, na maji yalikuwa yakimrukia begani. Akanyoosha mkono akalifunga, akaomba aongezewe chai.